Taji la Shangazi

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale saluni. Hakuna msichana hata mmoja aliyechangia naye tone la damu, na kama angekuwepo asingejitangaza. Lakini siku uliposhuka kwenye basi na sanduku lako, miguu imevimba, hujui pa kugeukia, yeye ndiye aliyekukumbatia, akakununulia soda baridi na kukwambia, "Ugenini hapa mimi ndiye shangazi yako. Nipe hiyo pasipoti nikutunzie. Wezi wa mji huu hawana haya." Na wewe uliyelelewa kujua kwamba cha mtoto hutunzwa na mkubwa, ukaitoa kwa mikono miwili.

Msusi waliyemwita Kimya aliitoa hivyo hivyo. Tena alisema asante. Kila alipoikumbuka ile asante ilimchoma kuliko kitu kingine chochote. Mtu akikuibia umelala unaweza kuulaumu usingizi, lakini akikuibia huku unamshukuru, utamlaumu nani?

Walimwita Kimya kwa sababu kazini hakuwa na maneno. Maneno yote ya saluni ile alikuwa nayo Kucha, msichana wa kupaka rangi za kucha, ambaye angeweza kuongea tangu mteja anavua viatu mpaka anatoka mlangoni bila kuvuta pumzi. Wa tatu alikuwa Mama Maji, mwosha nywele, mtu mzima mwenye wajukuu nyumbani, ambaye naye ilimbidi amwite Shangazi mwanamke aliye mdogo kwake kwa umri. Watatu hao walilala chumba kimoja juu ya saluni. Pasipoti zao na vibali vyao vya kazi vililala chini, ndani ya sefu ya ofisini, na ufunguo wa sefu ulining'inia kwenye mkufu shingoni mwa Shangazi, usiku na mchana, hata akienda kuoga.

Bila karatasi zile huwezi kuhama kazi, huwezi kupanga chumba, huwezi kuvuka mpaka. Polisi akikusimamisha barabarani huna cha kumwonyesha. Unabaki kusema, "Mpigie shangazi yangu," kama mtoto aliyepotea sokoni.

Kimya alivumilia. Aliambiwa atapewa karatasi zake mwaka ukiisha, mwaka ukaisha, akaambiwa ziko uhamiaji zinagongwa muhuri. Kucha akacheka, akasema huo muhuri lazima ni mkubwa kama jiwe la kusagia, maana unachukua miezi kunyanyuliwa. Wakacheka wote watatu. Ndivyo watu wanavyoishi, wanacheka ili kesho ifike.

Kisha mama yake Kimya akafa.

Kaka yake alimpigia asubuhi. "Dada, mama hatunaye." Kimya alishuka ngazi na simu mkononi, akaingia ofisini bila kubisha hodi. Shangazi alikuwa anakula. Aliposikia, aliweka kijiko chini na machozi yakamtoka, machozi kabisa, si ya kuigiza. Alimkumbatia Kimya, akamwita mwanangu, akamsifu marehemu ambaye hakuwahi kumwona. Kimya akalia begani kwake. Halafu akajifuta uso, akaomba pasipoti yake aende akazike.

Mkono wa Shangazi ukaacha kumpapasa mgongo.

"Ukienda hutarudi," alisema.

"Nitarudi, Shangazi. Nizike tu, nimwone na mwanangu, nirudi."

"Hutarudi. Nawajua nyinyi. Nilimwamini mmoja, mpaka leo namsubiri."

"Naapa kwa huyo mama niliyempoteza."

"Mwanangu, nisikilize." Shangazi alikaa chini akavuta sahani. "Kaburi halina miguu. Utalikuta."

Akaokota kijiko.

Mchana wa kesho yake Kimya alimsuka bibi harusi. Saa ya mazishi ilipofika kaka yake alimpigia, akaiacha simu wazi mkononi ili naye awepo kwa masikio. Kimya aliiweka simu kwenye mfuko wa aproni, kwenye sikio ameweka kile kidude cha kusikilizia, na huku vidole vikigawa nywele za bibi harusi alisikia udongo ukimwangukia mama yake, koleo baada ya koleo. Bibi harusi aliona machozi kwenye kioo akamuuliza, "Dada, vitunguu?" Kimya akaitikia kwa kichwa. Vitunguu, ndani ya saluni.

Jioni akaongea na binti yake, mtoto wa darasa la kwanza, ambaye bibi yake ndiye aliyekuwa akimlea. Mtoto hakulia. Aliuliza tu, "Mama, sasa mimi ni wa nani?" Tangu siku ile alikuwa akilala leo kwa mjomba, kesho kwa jirani, na mke wa mjomba hakuficha kwamba nyumba yake ni ndogo. Kimya akawa na jambo moja tu duniani. Aipate pasipoti yake, aende akamjibu mtoto wake.

Nikisema jambo moja natania. Yalikuwa mawili. La pili lilikuwa ni Shangazi alie, safari hii kwa ajili yake mwenyewe.

Sasa ni lazima nikwambie habari za kichwa cha Shangazi, maana humo ndimo mambo yote yalimokuwa.

Shangazi alikuwa anauza mafuta ya kukuza nywele. Chupa ndogo ya kijani, na juu yake picha yake mwenyewe amesukwa mistari inayozunguka kichwa chote na kupanda mpaka utosini, ambako inakutana na kuwa fundo kubwa, mfano wa taji. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya biashara yake. Alikuwa akiwaambia wateja, "Mimi wigi silijui, kitambaa sikijui. Nywele zangu ni hizi mnazoziona, na mafuta yangu ni haya." Wateja wakanunua. Kucha alisema hata wenye vipara wa mtaa wa pili walinunua, na kwamba vipara vyao sasa vinang'aa vizuri zaidi.

Ukweli ni kwamba chini ya lile taji palikuwa na uwazi. Utosi mzima wa Shangazi, ukubwa wa kisosi cha chai, haukuwa na unywele hata mmoja. Ngozi tupu, yenye makovu. Kama ni mafuta yenyewe ndiyo yaliyomchoma alipoyajaribu mwanzoni, Kimya hakuuliza, ingawa Shangazi mwenyewe kichwani alijipaka mafuta ya nazi. Hakuna mtu mwingine aliyejua, hata Kucha, ambaye anajua kila kitu. Kwa sababu hiyo Shangazi alisukwa Jumapili peke yake, saluni imefungwa, shata la mlango chini, hakuna mtu ila yeye na Kimya. Na kiti kiligeuzwa kikakipa kioo mgongo. Shangazi hakutaka kuuona utosi wake hata yeye.

Kazi ilikuwa na mpangilio wake. Kimya alikuwa anaanza na utosi. Anatandaza kipande cha wavu mweusi juu ya kile kisosi, anakishona kwa sindano na uzi kwenye nywele chache za pembeni, anafunga nywele za bandia juu yake, ndipo anashuka kwenye mistari. Shangazi alikuwa hapumui vizuri mpaka wavu umeshonwa. Baada ya hapo alilegea, akaanza kusengenya watu, na akausogeza ule mkufu mbele usije ukanasa kwenye nywele. Ufunguo ulilala pale juu ya taulo, karibu na mkono wa Kimya.

"Si uukate tu?" Kucha alimwambia usiku mmoja. "Mkasi unao mkononi, mjinga wewe."

"Nikiukata ataniita mwizi, na dunia nzima itamwamini," Kimya alisema. "Nataka anipe yeye. Kwa mikono miwili, kama nilivyompa."

Kucha akavuta shuka, akageukia ukuta.

Subira ya Kimya ilipata siku yake. Shangazi alikodi ukumbi mkubwa wa mjini kuzindua chupa mpya ya mafuta. Matangazo yalibandikwa kila ukuta, yeye na taji lake, na maneno makubwa: NJOO UONE KWA MACHO YAKO. Angekaa kwenye kiti jukwaani, mbele ya kamera, na mtu yeyote angeruhusiwa kusogea na kukitazama kichwa chake kwa karibu. Tena chama cha wafanyabiashara kingemtunukia ngao kwa jinsi anavyowalea mabinti wa kigeni. Mabinti wenyewe walishonewa fulana za kijani zilizoandikwa MABINTI WA SHANGAZI, wasimame nyuma yake watabasamu. Mama Maji alipopewa yake aliitazama mbele na nyuma, akaitundika nyuma ya mlango, akaenda kunawa mikono.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili.

Mchana Shangazi alishusha shata, akakaa kwenye kiti, akakigeuza mwenyewe kikatazamana na ukuta. Juu, Kucha na Mama Maji walikuwa wanapiga pasi zile fulana. Kimya alifumua taji la zamani, akatoa uzi, akabandua wavu. Utosi ukapigwa na hewa. Kisha akaanza kusuka kisogoni.

"Leo unaanzia nyuma?" Shangazi aliuliza mara moja.

"Leo kuna kamera, Shangazi. Mistari ikitangulia, taji linakaa vizuri zaidi."

"Mtaalamu ni wewe," Shangazi alisema, lakini mabega hayakulegea.

Kimya alisuka. Mikono yake ilikuwa ya mama yake, aliyewasuka wasichana wa mtaa mzima kwenye kibaraza cha nyumba yao, na aliyemfundisha kwamba kichwa cha mtu hakiachwi nusu. Ukikianza, kimalize, hata kiwe cha adui yako, maana aliyekupa kichwa chake amekupa aibu yake uishike. Kimya hakuwahi kuacha kichwa nusu maishani mwake. Alisuka mistari siku ile kama hajawahi kusuka, myembamba, iliyonyooka, ikizunguka kutoka kisogoni, ikipita juu ya masikio, ikipanda kutoka kwenye paji la uso. Ilikuwa kazi nzuri mno. Na yote ilipofika utosini ilisimama ukingoni mwa kile kisosi, ikakiacha wazi katikati, cheupe.

Simu ya Shangazi ikalia. Dereva alitaka kujua aje saa ngapi. "Jua likianza kushuka uwe mlangoni," Shangazi alisema, akakata. "Haya mwanangu, wavu sasa. Muda unatukimbia."

Kimya aliweka kitana mezani. Akafuta mikono kwenye aproni. Akashika mgongo wa kiti, akakigeuza, taratibu, mpaka Shangazi akatazamana na kioo. Kisha akachukua kioo kidogo cha mkononi, akakiinua nyuma ya kichwa chake, akakilaza kidogo, ili aone vizuri.

Shangazi alipiga ukelele akafunika utosi kwa viganja viwili.

"Una wazimu wewe? Geuza! Geuza kiti!"

"Nataka pasipoti yangu," Kimya alisema.

"Nini?"

"Pasipoti yangu na kibali changu. Na vya Kucha, na vya Mama Maji. Nikivishika mkononi nitachukua wavu."

Shangazi alimtazama kwenye kioo kama vile meza ndiyo iliyozungumza. Halafu akacheka, kicheko kifupi. "Mwanangu, mambo ya ofisini tutazungumza kesho. Leo ni siku yetu sote."

"Mimi si mwanao."

"Haya. Nitamwita polisi sasa hivi. Nitasema umenishambulia. Utafukuzwa nchini leo leo, umesikia? Watakupakia kwenye gari kama gunia!"

"Nifukuzwe niende wapi, Shangazi?"

Shangazi alinyoosha mkono kuitafuta simu.

"Nyumbani," Kimya akajijibu mwenyewe. "Ndiko ninakotaka kwenda. Waite. Waje na gari. Watakukuta hivyo hivyo ulivyo, na mimi nitawaomba watazame ndani ya sefu. Nimewasuka wanasheria wangapi kwenye kiti hiki? Mmoja aliniambia mwenyewe, hakuna sheria ya nchi hii inayomruhusu bosi kukaa na pasipoti ya mtu."

Shangazi alijaribu njia zote. Alibembeleza, akataja soda ya siku ya kwanza. Alitukana, akataja ukoo wa Kimya mpaka babu. Alisimama akachukua kitambaa akajifunga, akajitazama, akakivua mwenyewe, maana nani atakwenda kuzindua mafuta ya nywele amejifunga kitambaa, na mji mzima umeambiwa uje uone kwa macho? Alitaja majina ya wasusi wengine anaoweza kuwaita. Kimya akamwambia awaite. Kila jina alilotaja lilikuwa mdomo mwingine utakaokwenda kusimulia habari za kisosi, na wote wawili walilijua hilo. Mwishowe akakaa, na machozi yakaanza kumtoka.

Yalikuwa machozi ya kweli. Kimya aliyatazama yakishuka na alisikia raha. Sitamtetea. Alisikia raha mpaka kwenye magoti, akatamani yasikauke upesi. Mtenda akitendewa hujihisi kaonewa, na kweli Shangazi alikuwa anajihisi hivyo. "Unanionea," alisema, anapenga kamasi kwenye taulo la saluni. "Mimi niliyekutoa mavumbini, unanionea."

Nje dereva alikwisha fika, akapiga honi.

Shangazi akainuka. Alivua mkufu kwa pupa, ukamnasa kwenye mstari mmoja nyuma ya sikio. Kimya akaunasua kwa upole, kama ambavyo angemfanyia mteja yeyote. Wakaingia ofisini. Sefu ikafunguka. Karatasi zao zilikuwa pale chini kabisa, zimefungwa kwa mpira wa kufungia nywele, na juu yake zimerundikwa chupa za mafuta. Si uhamiaji, si muhuri. Zilikuwa hatua chache kutoka kwenye kiti ambacho Kimya alikuwa akisimama nyuma yake siku ile akisikiliza udongo.

Shangazi alizitupa mezani.

"Nipe mkononi," Kimya alisema. "Kwa mikono miwili."

Na Shangazi akampa kwa mikono miwili.

Ngoja nikwambie ukweli, mpaka pale Kimya alikuwa na nia ya kumaliza kichwa. Alikwisha pata alichotaka, na sauti ya mama yake ilikuwa bado iko kwenye vidole. Angeshona wavu, angefunga taji, angeondoka na heshima ya kazi yake. Alikwisha chukua sindano. Wavu alikuwa nao kwenye mfuko wa aproni.

Lakini Shangazi, baada ya kukaa tena kwenye kiti na kukigeuzia ukuta, alianza kurudiwa na roho yake. Alifuta uso, akajipaka poda, akavuta pumzi ndefu.

"Yaani tabu yote hii," alisema, anajitazama kwenye kikopo cha poda, "kwa sababu ya mazishi yaliyokwisha pita. Si nilikwambia? Kaburi halina miguu. Mpaka leo liko pale pale."

Sindano ikasimama hewani.

Kimya hakusema kitu. Wenyewe husema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wanaosema hivyo huwa wako nje ya chumba. Ndani ya chumba huwezi kuusikia. Alichomeka sindano kwenye kifuko chake, akakunja taulo, akaliweka mahali pake.

"Unakwenda wapi?" Shangazi aliuliza.

"Juu. Uzi umeniishia."

"Fanya haraka basi! Dereva anapiga honi."

"Narudi, Shangazi."

Alipanda ngazi. Kucha alikuwa ameinamia pasi, Mama Maji amekaa kitandani. Kimya aliwapa karatasi zao, kila mtu zake. Kucha aliishika pasipoti yake akaifungua, akaitazama picha yake ya zamani, akaitia kifuani ndani ya nguo. Mama Maji ndiye aliyeuliza. "Tunatoka lini?"

"Sasa hivi. Mlango wa nyuma."

"Na kichwa cha yule? Umekimaliza?"

Kimya alifungua sanduku lake, akatia nguo mbili na zile soksi alizofichia nauli tangu mwaka wa kwanza. "Nitamwomba mama msamaha," alisema. "Hiki kimoja tu. Kimoja."

Mama Maji aliinuka. Halafu akazikunja zile fulana za kijani vizuri, moja juu ya nyingine, akaziacha kitandani na pasi juu yake, imezimwa. Hata katika hasira alikuwa mtu wa utaratibu.

Kwenye uchochoro waliagana na Kucha. Yeye alikuwa na rafiki aliyemwahidi kazi mtaa mwingine, kazi yenye karatasi zako mkononi mwako. Alimkumbatia Kimya akasema, "Kumbe ulikuwa unaongea, ulikuwa unatunyima tu," kisha akageuka haraka ili wasimwone uso. Kimya na Mama Maji wakaenda kituo cha mabasi ya kuvuka mpaka, wakakata tikiti, wakapanda. Kimya alikaa dirishani, pasipoti kwenye paja, viganja vyote viwili juu yake.

Simu yake ilianza kuita kabla basi halijawashwa. Aliiacha iite. Ikakata, ikaita tena, tena, mpaka abiria wa mbele akageuka. Mama Maji akamgusa kiwiko. "Pokea. Umalize."

Kimya akapokea. Kwanza alisikia muziki na kipaza sauti, kwa mbali, mtu akiwaambia watu wakae tayari. Kisha maji ya bomba. Kisha Shangazi, kwa sauti ya chini ya mtu aliyejifungia chooni.

"Uko wapi? Nilikusubiri mpaka dereva akanichukua kwa nguvu. Nimejifunga kitambaa. Watu wamejaa, wanapiga makofi, wanasema nikifungue. Njoo mlango wa nyuma, mwanangu. Njoo na wavu. Nimekupa kila kitu ulichotaka, au sikukupa? Ulisema unarudi!"

Kimya aliingiza mkono mfukoni mwa aproni ambayo alikuwa amesahau kuivua. Kipande cha wavu kilikuwa humo, kimekunjwa. Kwenye simu ukumbi ulikuwa umeanza kuimba, watu wengi kwa pamoja, "Fungua! Fungua!" Dereva wa basi akawasha injini.

"Shangazi," alisema, "wewe ulisema nikienda sitarudi. Sikutaka nikufanye mwongo."